Maabara ya Kuazima

Kaa vizuri, msomaji, maana habari za Zoubeda hazitaki haraka, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa haraka. Ungepita asubuhi kwenye kile kituo kidogo cha utafiti wa mimea, juu kidogo ya mji wa Mutsamudu, ungemkuta ameinamia karai la maji ya moto anaosha chupa. Kila akiitoa moja, anaiinua juani na kuichungulia kama shangazi anayemkagua bi harusi. Ikiwa na doa, inarudi majini. Kazi hiyo aliijua tangu Mahajanga, kule Madagaska, alikozaliwa. Alikuwa msichana wa kuosha chupa katika duka la dawa la Mfaransa mmoja, na huko ndiko alikookota Kifaransa chake.

Kisha Mahajanga ikawageuka watu wa Komoro, wakauawa kwa mamia. Waliopona walirudishwa visiwani kwa ndege za Sabena, mwaka wa sabini na saba, na jina la ndege likawaganda: mpaka leo ukisikia mtu anaitwa Sabena, ujue ni wa huko. Zoubeda alishuka akiwa amemshika mamake mkono, na kanga aliyovaa ndiyo iliyokuwa mali yake yote. Mutsamudu hawakumjua, lakini hawakumwacha vile. Ma Nouriat, mwanamke wa nyumba kubwa yenye mlango wa nakshi katika vichochoro vya mji wa kale, alimwazima godoro na sufuria. Jirani akamwazima taa, mwingine kinu. Nyumba ya kwanza ya Zoubeda katika nchi ya baba zake ilikuwa ya kuazima, kuanzia mkeka hadi kijiko. Na alipoanza kurudisha kimoja kimoja, alijifunza adabu ya mji ule: chombo ulichoazima hukirudishi kitupu. Unatia ndani kipande cha mkate wa sinia, au ndizi mbili, au hata ndimu, ndipo unabisha hodi.

Mwaka uliofuata walikuja askari weupe wa kukodiwa, wakaangusha serikali kule Moroni, mji mkuu, na kuweka nyingine, na wao wenyewe wakabaki. Miaka ikapita wamebaki vilevile, na sare zao nyeusi. Watu wakazoea kupunguza sauti kila wakiona mtu mweupe wasiyemjua, maana huwezi kujua neno lako litaishia mezani kwa nani.

Sasa nikwambie kazi ya kituo. Nzwani, kisiwa ulipo mji wa Mutsamudu, ni kisiwa cha mlangilangi. Maua yake ya manjano huvukizwa ndani ya pipa la shaba, mvuke ukipoa unatoa mafuta, na mafuta yanakwenda Ufaransa kutiwa kwenye manukato. Ila moto wa kuvukizia maua unakula kuni mchana kutwa, na milima ya Nzwani ilikuwa inanyolewa kama kichwa cha mtoto. Wanawake waliokuwa wakiokota kuni karibu na nyumba zao sasa walipanda mpaka kwenye ukungu. Zoubeda alizibeba kuni hizo miaka yake ya kwanza, kabla ya kupata kazi kituoni. Shingo yake ilikuwa bado inakumbuka.

Mkuu wa kituo, Fundi Aboudou, alikuwa amejenga tanuri la mawe na udongo lenye mlango, linalofungia moto ndani. Lilikula kuni kama nusu tu. Wenye mashamba walikuja, wakalisifu, wakaondoka.

"Tanuri zuri, Fundi," walimwambia, "lakini mafuta yake? Mnunuzi akisema yameungua, nani atakula hasara?"

Swali lilikuwa la haki. Kujua kama mafuta ni mazima kulihitaji mashine ya kuyapima, na kituo chake kilikuwa na karai, rafu mbili, na mizani iliyopinda. Mashine ilikuwa Moroni. Kwa hiyo kila msimu Zoubeda alizifunga chupa za mafuta kwa vitambaa, akapanda ndege kwenda Ngazija, kisiwa cha Moroni, kuzipeleka.

Safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa mwaka wa themanini na saba. Barabarani kutoka uwanja wa ndege, teksi aliyopanda na abiria wengine ilisimamishwa na askari. Mmoja, mzungu mwekundu kwa jua, alifungua kapu la Zoubeda.

"Manukato?"

"Kazi," alijibu Zoubeda.

Askari alichomoa kizibo, akajipaka shingoni tone moja, kisha la pili, akawapungia mkono wapite. Teksi ilipinda kona.

"Haya," alisema mzee mmoja aliyekaa nyuma, "leo kizuizi kitanukia kama chumba cha harusi."

Walicheka mpaka Moroni.

Kituo cha Moroni kilikuwa na mashine ya kupoza hewa, darubini tatu, na mafundi waliovaa makoti meupe. Attoumane, aliyekuwa akipokea sampuli, ni mtu mwema ambaye hakuwahi kumnyima Zoubeda chai. Alimfungulia kabati ili aweke chupa zake. Zoubeda akaona chupa za msimu uliopita zimepangwa pale pale alipoziacha. Na za msimu wa kabla. Vitambaa vyake mwenyewe, mafundo yake mwenyewe, hakuna aliyeyagusa.

"Attoumane, kaka yangu," alisema polepole. "Hizi zinasubiri nini?"

Attoumane aliona haya. "Dada, mashine ni moja, na kila wizara inaitaka. Mutsamudu mnaachwa nyuma ya foleni. Lakini sikia, nina habari kubwa kuliko hiyo." Akafunga mlango. "Kuna mgeni anakuja kutoka Ulaya. Mwanamke. Ana fedha za umma wa huko, za kusaidia utafiti. Atatazama hapa, atatazama na kwenu. Huku ofisini wanasema atachagua kituo kimoja cha kujenga. Na wakubwa hawataki kuendelea kulisha viwili. Asipokichagua chenu, mwisho wa mwaka kitafungwa, kazi zote zihamie huku."

"Na tanuri?"

"Tanuri utalibeba kichwani?" alijaribu kutania, lakini alipoona uso wake akaacha.

Usiku ule alilala kwa binamu yake Echat, mtaa wa Magoudjou. Asubuhi Echat alikwenda na mboga zake soko la Volo Volo, na Zoubeda akarudi uwanja wa ndege. Njia nzima alikuwa na wazo moja: kituo kikifungwa, chupa zile zitakaa kabatini mpaka mwisho wa dunia, tanuri litaota majani, na yeye atarudi mlimani kubeba kuni.

Habari ilipofika Mutsamudu, haikukaa kituoni. Ma Nouriat alimwita Zoubeda kabla hajavua hata viatu vya safari.

"Mgeni anakuja lini?"

"Jumanne ijayo, Ma Nouriat."

"Na mtamkaribisha mle? Kwenye lile karai?"

"Ndicho tulicho nacho."

"Mji mzima upo, wewe unasema *ndicho tulicho nacho*! Mwanangu, umekaa nasi miaka kumi, hujatujua bado?"

Basi ungeuona mji ule wiki ile. Hakukuwa na mkutano wala amri. Palikuwa na mlango unaobishwa baada ya mlango, kama wanavyofanya kila nyumba ikipata harusi. Mwalimu Soulé wa skuli alileta darubini, ameifunga ndani ya shuka kama mtoto mchanga. Sonara alileta mizani yake ya dhahabu. Mke wa mwenye duka la dawa alitoa friji, ikapandishwa mlimani na vijana wa bandarini huku yeye akiifuata nyuma akipiga kelele, "Isilale ubavu! Isilale ubavu!" Ma Nouriat alifungua kabati lake la harusi, akatoa mabakuli na magudulia ya kioo ambayo hata wajukuu hawaruhusiwi kuyatazama kwa karibu. Muuguzi alileta koti lake jeupe. Lilimbana Fundi Aboudou kwapani, hivyo siku ya mgeni alitembea mikono imetanuka kidogo, kama jogoo.

Zoubeda aliosha, akapanga, akafuta. Alipomaliza alisimama mlangoni, akaona maabara kweli. Machozi yalimlengalenga. Godoro na sufuria za mwaka ule zilikuwa zimerudi, safari hii kwa sura ya darubini na friji.

Jumanne mgeni alifika. Alipoonekana akipanda njia, watoto walikimbia kujificha wakidhani ni mke wa askari. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, viatu vya vumbi, jina lake Lurdes. Alikuwa Mreno. Alishika kila kitu, aliuliza kila kitu. Fundi Aboudou alijibu kwa Kifaransa kizuri, mikono yake ya jogoo ikipepea hewani. Alipomwonyesha tanuri nje, Bi Lurdes aliinama, akaingiza kichwa karibu chote ndani, akatoka na masizi puani, anacheka.

Chakula kilikuwa kwa Ma Nouriat: pweza wa nazi, wali, achari ya ndimu. Hapo ndipo, akiwa amekaa mkekani miguu ameikunja vibaya kama wageni wote, Bi Lurdes alieleza fedha alizokuja nazo ni za namna gani. Zoubeda alikuwa akimimina maji ya kunawa, na masikio yake yote mawili yalikuwa kwenye Kifaransa kile.

"Kwetu Ulaya," alisema, "nchi si sawa. Wajerumani, Wafaransa, Waingereza wana maabara kubwa kama miji. Kwetu Ureno, nilipokuwa mwanafunzi, tulipangiana zamu ya darubini kama watu wa kisima kimoja."

Aboudou alitafsiri. Ma Nouriat aliweka tonge chini. "Mwulize vizuri. Ulaya nayo ina maskini?"

Bi Lurdes alicheka. "Tele, bibi. Nchi yenye maabara kubwa ndiyo inayopata kazi kubwa, na kwa kazi hiyo inajenga maabara kubwa zaidi, na sisi wengine tunazidi kubaki. Ndipo watu wakaanza kusema: tuchange wote, fedha za umma, zipelekwe kwa walio nyuma ili wasogee. Siyo sadaka. Mtu mwenye akili anaweza kuzaliwa popote, na asipokuwa na chombo, akili yake inapotea kwetu sote. Fedha hizi nami nimetumwa nazo kwa nia hiyo hiyo. Ni za kuziba pengo." Alinyanyua kikombe. "Na kwa kweli nimefurahi. Huko Moroni waliniambia Mutsamudu hamna kitu. Nimekuta mna darubini nzuri, mizani nzuri kuliko ya Moroni, friji! Hapa hamna pengo. Nitawaambia wenzangu kwamba mnajiweza."

Fundi Aboudou alifungua mdomo atafsiri, ukabaki wazi. Maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye birika la Zoubeda, yanapita juu ya mikono ya Mwalimu Soulé, yanaingia mkekani.

Mgeni alipokwenda kupumzika chumba cha juu, maana ndege yake ilikuwa ya kesho yake asubuhi, walikutana jikoni watatu: Aboudou, Ma Nouriat, Zoubeda.

"Tumejifunga wenyewe," alisema Aboudou. Alikuwa amevua koti, kwapa limechanika. "Tumependeza mpaka tumejifunga."

"Basi tumwambie," alisema Zoubeda.

"Umwambie nini?" Ma Nouriat aligeuka na upawa mkononi. "Kwamba Nouriat amempambia mgeni uongo? Kwamba mji huu hauna kitu? Mzungu huyu hujui anamjua nani huko Moroni. Kesho watu wa sare nyeusi watacheka kwenye meza yao: Mutsamudu wameazima mpaka koti! Aibu yangu, mwanangu, ibaki ndani ya ukuta wangu."

"Na tanuri, Ma Nouriat?"

"Tanuri, tanuri! Utu ni mkubwa kuliko tanuri."

Zoubeda alichukua mwiko, akauosha, akauning'iniza. Kisha akasema, hata sauti hakuipandisha:

"Siku niliyoshuka ile ndege, mlangoni kwako nilisimama na nini?"

Ma Nouriat alishusha upawa.

"Miguu mitupu. Uliniona nilivyo, hukufichwa kitu. Ungenikuta nimevaa dhahabu ya kuazima, ungenipa godoro?"

"Wewe ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitamani ardhi inimeze. Lakini uliniona, ndiyo maana leo nipo. Na sikukuona wewe ukinicheka."

Fundi Aboudou alitazama nje dirishani kama mtu aliyepotelewa na kitu uani. Ma Nouriat alifunika chungu, akakifunua, akakifunika tena.

"Huwezi kwenda kumsimamia mgeni umwambie *tulikudanganya*," alisema mwishowe. "Hilo sitalikubali."

"Sitamwambia hivyo. Vitu vya watu vinatakiwa kurudi leo. Nitamwomba anisindikize."

Ma Nouriat alimkazia macho. Kisha akafungua kabati, akatoa mkate wa sinia uliokuwa umebaki, akaanza kuukata vipande.

"Mtaondoka mikono mitupu?" alisema kwa ukali. "Hivyo ndivyo nilivyokulea?"

Alasiri ile ndiyo Mutsamudu wanayoikumbuka. Bi Lurdes alidhani anatembezwa mji. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mwalimu Soulé. Zoubeda alimkabidhi darubini ndani ya shuka yake, na kipande cha mkate juu.

"Ahsante, Mwalimu, Mungu akuzidishie. Wanafunzi wako watusamehe wiki yao."

Bi Lurdes aliitazama darubini. Aliitambua. Mlango wa pili, sonara: mizani, na kipande cha mkate. Wa tatu, muuguzi, ambaye aliliinua koti lake juani na kuingiza kidole kwenye tundu la kwapa.

"Fundi Aboudou amelima na koti hili?"

Watu wa kichochoroni walicheka, na Zoubeda akalichukua tena ili akalishone. Walipokutana na friji ikishuka njiani juu ya mabega ya vijana, mke wa mwenye duka nyuma yake, "Isilale ubavu!", Bi Lurdes alisimama katikati ya kichochoro.

"Vyote?" aliuliza.

"Vyote, bibi."

Uso wake ulikuwa mwekundu. "Mlitaka niandike uongo? Nimewapigia simu Moroni kabla ya chakula, nikawaambia nimekuta nini. Nimeshasema kwa mdomo wangu!"

Kifaransa cha Zoubeda kilimkimbia. Aliyejibu alikuwa Ma Nouriat, aliyekuwa akiwafuata nyuma na mkate wake, kwa lugha yake mwenyewe, na Zoubeda akalazimika kukikusanya Kifaransa chake ili atafsiri.

"Mwambie hatukumdanganya. Alikuwa mgeni. Mgeni anapewa kilicho bora mjini, hata kama hakiko nyumbani kwako. Mwambie kama angekuja kuposa binti, ningefanya vilevile. Hatukujua kwamba kuna mgeni anayekuja kutafuta ulichokosa."

Bi Lurdes alisikiliza mpaka mwisho. Alipangusa uso kwa kiganja.

"Sawa," alisema. "Nami nilipaswa kuwaeleza kabla ya kuja, si baada ya kula. Sasa nionyesheni ambacho si cha kuazima."

Walipanda naye mlimani. Chumba kilikuwa kimerudi kuwa chumba: karai, rafu mbili, mizani iliyopinda. Zoubeda alimpeleka nje kwenye tanuri. Aliwasha. Akatia kuni chache, akafunga mlango, akamwashia na moto wa wazi kando yake kwa mafiga, ili auone. Wakakaa juu ya magogo wakitazama. Moto wa wazi uliomba kuni, ukapewa, ukaomba tena. Tanuri lilinyamaza likiunguruma. Zoubeda alimweleza chupa zilizokaa kabatini Moroni, na mafundo yake ambayo hayakuguswa, na wenye mashamba wanaosubiri jibu. Hakuongeza chumvi. Habari ilikuwa na chumvi ya kutosha.

"Moto huu una joto kiasi gani?" aliuliza Bi Lurdes.

"Hatujui, bibi. Fundi anapima kwa kutema mate kwenye mlango."

Mgeni alifungua mkoba wake, akatoa kipimajoto kirefu ndani ya ala ya chuma.

"Hiki siyo cha mfuko wa zile fedha," alisema. "Ni changu mwenyewe, tangu nikiwa mwanafunzi. Siwapi. Nakuazima. Umenielewa? Ni lazima unirudishie."

"Nimekuelewa kabisa," alisema Zoubeda.

Asubuhi yake mgeni aliondoka. Huko Moroni, kama alivyotusimulia Attoumane baadaye, Bi Lurdes aliyameza maneno yake ya kwanza mbele ya wakubwa bila kutafuna. Ikapita masika, ukapita na mwisho wa mwaka wenyewe, na hakuna aliyekuja kufunga kituo wala kukijenga. Ma Nouriat alikuwa akimwuliza Zoubeda kila Ijumaa, "Je?", naye akijibu, "Bado." Jenereta waliyoiota haikuja. Chumba kipya hakikuja. Lakini siku moja meli ilishusha sanduku bandarini, na ndani ya sanduku mashine ya kupima mafuta, ndogo kuliko ya Moroni, na cheti kwamba ni ya Mutsamudu na itakaa Mutsamudu.

Chupa za kwanza kupimwa ni zile za kabatini. Zoubeda alizifuata mwenyewe, akazirudisha na vitambaa vyake. Mafuta ya tanuri yalikuwa mazima kama ya moto wa wazi. Mwenye shamba mmoja alikuja kuuliza namna ya kulijenga, baadaye mwingine. Milima haikuota miti siku ile, tusijidanganye. Lakini jirani zake Zoubeda walianza kurudi na kuni mapema kidogo, wakiwa bado na pumzi ya kutaniana.

Siku Fundi Aboudou alipopata vipimajoto vyake mwenyewe, Zoubeda alikichukua kile cha kuazima, akakiosha, akakiinua juani. Doa moja. Akakirudisha majini, akakiosha tena. Alipokiridhia alikitia ndani ya ala yake ya chuma, akakifungia kwenye kisanduku, tayari kwa Ureno.

Akakifunga kamba. Kisha akafungua tena.

Akajaza kichupa kidogo mafuta ya mlangilangi, ya lile tanuri, akakizungushia kitambaa, akakilaza kando ya kipimajoto. Ndipo akafunga.